Ulinipa Asili ya Maneno, Maneno Yenyewe Ukaondoka Nayo

Baba Rehema,

Sikuandikii kukuuliza hali. Hali yako naijua, nilikuwepo wakikufukia. Nakuandikia kwa sababu watoto wako walitaka kunipeleka nyumba ya wazee huko Woodbridge, na mimi nilikuwa sina mdomo wa kukataa. Mdomo wangu ulikuwa wewe. Ukaenda nao.

Usianze kunikatiza. Maisha yote umesema wewe, leo nasema mimi.

Naanza na lililo lako la haki, usije ukasema nakuonea. Herufi hizi ulinifundisha wewe, kule Dodoma, tukiwa bado maharusi. Shule mimi sikuiona hata mlango wake, baba alisema mbuzi watachungwa na nani. Ukamwaga unga kwenye sinia, ukanishika kidole. "Andika a, mke wangu. Haya, futa, andika tena." Unga wenyewe ulikuwa wa kupima, na bado ukaumwaga. Hilo sitakunyang'anya hata nikiwa na hasira namna gani, na hasira ninayo, bwana.

Tulipofika Marekani nilikuomba kitu kimoja tu: nifundishe na Kiingereza. Ukafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Ulikuwa unashinda kwenye kibanda chako cha maegesho ya magari mjini, na ile kamusi ya asili ya maneno, nene kama tofali, mapajani. Jioni unanikuta jikoni nakanda unga wa chapati, hata koti hujavua. "Mama Rehema! Unajua lady zamani maana yake nini? Mkanda mikate! Na lord ni mlinzi wa mikate!" Nikakwambia ndiyo maana wewe ni lord, umekaa unailinda mikate usiyoikanda. Ulicheka mpaka ukakalia mfuko wa viazi. Mimi nilicheka mpaka unga ukaniingia machoni.

Ndivyo ulivyonifundisha. Nikajua window kwa watu wa kale ni jicho la upepo. Nikajua husband mwanzo wake hakuwa mume, alikuwa mwenye nyumba. Lakini kwa daktari, goti langu likiniuma, nilikuwa nakuangalia wewe useme. Dukani wewe. Kwenye simu wewe. Nilikuwa nakwambia, "Baba Rehema, nipe maneno ya leo, hayo ya mababu zao nitayafanyia nini?" Unajibu, "Mti unaujulia kwenye mizizi, mama." Mizizi gani, mwanamume wewe, na mimi sina hata jani la kujifunika!

Unakumbuka siku ile ya overmorrow? Uliingia uso unang'aa. Kumbe Waingereza walikuwa na neno moja la siku inayofuata kesho, wakalipoteza, ukasikitika kama umefiwa na ndugu. Nikasema, "Hiyo si keshokutwa? Na ikipita hiyo ni mtondo, na ikipita hiyo ni mtondogoo. Sisi hatujapoteza hata moja. Mbona hizi huziimbii?" Ukasema Kiswahili watoto watakiokota tu, kipo.

Kipo wapi? Kimeanguka wapi nikakiokote niwape?

Sheria uliiweka wewe mwenyewe, nyumba ile ya Bowie: sebuleni na mezani Kiingereza, Kiswahili kikae jikoni na mama. Ulisema ili wasije wakachekwa shuleni, ili wafike mbali. Wamefika, baba. Rehema amefika mpaka hawezi kunieleza kinachomuumiza. Ndugu yake Amani amefika mbali zaidi, hasikii Kiswahili hata neno. Wakiwa wadogo walikuwa wanakuja jikoni, tunasema. Wakakua, wakaacha kuja jikoni.

Mazishini kila aliyeinuka kukusifu kwa Kiingereza alisema ulikuwa nice. Nice, nice, nice. Na mimi nakumbuka ulivyoniambia neno hilo mwanzo wake lilikuwa mtu asiyejua kitu, mjinga kabisa. Nikaanza kucheka pale mbele, kitambaa cheusi kichwani. Akina mama wa kanisani wakanishika mabega, wakidhani huzuni imenipanda kichwani. Nikajisemea, niacheni, kwa mara ya kwanza leo mmesema kweli.

Samahani. Hapana, sikuombi samahani.

Siku hiyo hiyo nikamuuliza Tumaini, binti wa Rehema, kama analijua jina lake lina maana gani. Ana miaka kumi na sita. Akapandisha mabega, akasema ni jina la mama yake Babu. Babu aliyejua kila neno la Waingereza lilizaliwa kijiji gani! Mjukuu wake anatembea na Tumaini kifuani na hakuna aliyemwambia ni kitu gani amebeba. Nikamwambia mimi. Akanishika mkono.

Kuna lile neno lako jingine, la kale sana, hata wewe kulitamka ulikuwa unapata tabu: masikitiko ya mtu aliyelala macho wazi kabla ya alfajiri. Ulisema limekufa siku nyingi. Neno limekufa, ndiyo. Jambo lenyewe halijafa, linakuja kwangu kila siku.

Sasa sikiliza la Woodbridge. Jumamosi walikuja kunichukua, wakasema tunakwenda kutembea. Rehema akaendesha, Amani mbele, mimi na Tumaini nyuma. Tukavuka mto, tukakaa kwenye foleni ya magari mpaka miguu ikavimba, tukafika kwenye jumba linalonuka dawa ya sakafu. Wazee wamepangwa mbele ya televisheni kama vyungu sokoni. Akaja mwanamke ananiinamia na kupaza sauti kana kwamba mimi ni kiziwi. Kila alichoniuliza, Rehema akajibu. Akamaliza Rehema, akajibu Amani. Wakanionyesha jiko, limefungwa, wana wapishi wao. Wakanionyesha chumba. Kitanda kimoja, na dirisha halifunguki. Nikawaza, hilo jicho lako la upepo, huku wamelipofua.

Ndani ya gari Rehema akanitazama kwenye kioo. "Mama, ni nzuri kwa wewe. Ni salama. Umependa?" Hakuwa ananiuliza, alikuwa ananiarifu. Nikataka kujibu kwa Kiingereza, ili Amani naye aelewe. Nikatafuta kichwani, Baba Rehema. Nikatafuta kila kona. Nikakuta mkanda mikate. Nikakuta overmorrow. Nikakuta maiti tupu ulizonizikia humo, lakini la kusema sitaki, hamna. Mdomo wazi, kama samaki.

Basi nikasema kwa Kiswahili. "Sitaki. Mniue kwanza."

Amani akamgeukia dada yake, akauliza kwa Kiingereza mama amesema nini. Mwanangu niliyemnyonyesha! Rehema alisikia vizuri, akakaza macho barabarani, hakumfasiria. Nadhani alitaka jambo liishe tu. Amechoka, kazi zake mbili, hana ubaya. Lakini alinyamaza.

Ndipo Tumaini akasema. "She said no, Uncle. She said kill her first."

Kumbe mtoto anasikia! Siku zote anajibu Kiingereza na anasikia kila kitu. Rehema akakata kona kituo cha mafuta, akalaza kichwa kwenye usukani, akalia kama siku ile tulipotoka makaburini. Nikamwacha kwanza alie. Kisha nikamshika shingo kwa nyuma, nikamwambia, "Lia, mama, lia, lakini siendi."

Siendi. Ila usidhani nimeshinda. Nyumba yako ya Bowie inauzwa, na mimi nahamia chumba cha chini kwa Rehema, Temple Hills. Kina unyevu. Mlango wa jiko uko juu, ngazi zinaniua goti. Nimekubali.

Jana Tumaini aliniuliza mtu akitaka asisumbuliwe anasemaje kwa Kiswahili. Nikamfundisha: "Usinisumbue." Wakati wa chakula cha usiku mama yake alipomwambia aoshe vyombo, akamtamkia hilo hilo. Rehema akaruka kitini: "Unamwambia nani hivyo? Nitakuzaba kibao sasa hivi!" Kiswahili kitupu, bila kukosea hata kidogo, mezani, mbele ya sahani. Wenyewe wakashtuka. Mimi nikainama nikaendelea kula, nisije nikalivuruga.

Basi nakuahidi, na hii ni ahadi ya mtu mwenye hasira: nitawagombeza kwa Kiswahili mpaka wanigombeze kwa Kiswahili. Amani pia, na kipara chake. Nikimpata hata na tusi moja nitashukuru Mungu.

Lala, mume wangu. Nakupenda na sijakusamehe. Nikija huko tutagombana vizuri, na safari hii nitaanza mimi.

Mama Rehema