Mjusi Hana Gundi

Jumanne, masika 2003

Hana gundi. Tangu mchana nimebaki mdomo wazi.

Mvua zilipoanza, mke wangu alihamia jikoni, akiogopa mjusi wa chumbani atamdondokea usoni amgandie. Nami mzee mzima nikabaki natetemeka peke yangu kwenye baridi hii ya Tukuyu.

Leo mjukuu wetu Neema, mwalimu wa sayansi, alimtembeza mjusi kwenye kioo.

"Babu, gusa alikopita."

Pakavu kabisa. Anasema nyayo zina vinywele visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyoshika ukuta. Wazungu wanaviiga watengeneze utepe wa kunata.

Nikakimbilia jikoni. "Rudi, Mama Ambakisye. Hana gundi."

"Kumbe hashikiliwi na chochote?"

Akaingia chumbani, nikafurahi. Kumbe alifuata blanketi.