Nani Alisema Baba Yuko Kadi?

Jumapili, Boito. Mvua ya mawe ilitukuta tukitoka kanisani, na majani ya chai yametoboka-toboka shamba zima. Lakini si mvua iliyoniharibia siku.

Nina hasira. Anayesoma anivumilie.

Ni neno moja tu. Kadi.

Kwa wasiocheza: kwetu, katika mchezo wa karata, ukibaki na moja mkononi lazima utangaze, "Niko kadi!" Wenzako wajue uko karibu kumaliza. Ukinyamaza, hata kama karata yako ingeingia vizuri, humalizi. Unaokota nyingine. Ni neno la furaha. Tukiwa wadogo tulilipigia kelele jikoni stima ikipotea, na Baba alikuwa na kelele kutushinda sote. Alikuwa anasimama kabisa, anapiga meza.

Siku hizi vijana wanalitumia kwa kila kitu. Anayekaribia kuoa yuko kadi. Anayengoja kuitwa kazini yuko kadi. Mimi mwenyewe, mimba yangu ilipokaribia mwisho, niliwaambia watu niko kadi, tukacheka.

Baba alipata kiharusi mwaka huu. Upande wa kulia umelala, na maneno yanamtoka polepole, moja moja. Lakini anakula. Anamjua kila ng'ombe kwa mlio wake, na nikichelewa kukamua ananikemea.

Ijumaa nilipeleka majani kituoni, pale chai inapopimwa na kununuliwa. Kabla sijashusha kikapu, jamaa mmoja anayekodi mashamba ya watu hapa kwetu alinijia. Akanipa mkono, akavaa uso wa huruma.

"Pole, dada. Nasikia mzee ako kadi."

 Sikuelewa.

"Kipkorir alituambia. Akasema nisiwe na haraka na shamba, ningoje kidogo tu."

Kipkorir ni kaka yangu mkubwa. Anaishi Nakuru. Tangu Baba augue, anapita tu, anaacha sukari mezani na kuondoka.

Watu kwenye laini walinigeukia. Mmoja alicheka, halafu akajifanya anakohoa. Sikumbuki hata majani yangu yalivyopimwa.

Leo Kipkorir alikuja. Baba alikuwa amelala chumbani, au hivyo ndivyo tulivyodhani. Mama akapakua ugali. Nilingoja kaka yangu anawe mikono, nikamuuliza.

"Ni wewe ulisema Baba ako kadi?"

Akacheka. "Aii, Chelangat. Hiyo ni utani ya vijana. Kwani umezeeka?"

"Na shamba? Hiyo pia ni utani?"

"Mtu lazima ajipange. Ama unataka tuanze kupanga tukitoka matanga?"

Mama aliweka sufuria chini. 

Nilimgeukia Kipkorir. Nilimwambia kwamba miaka yote tuliyocheza, sijawahi kuona mtu akimtangazia mwenzake kadi. Neno hilo ni la mwenye karata. Analisema mwenyewe, kwa mdomo wake, akitaka. Nikamwambia aliye kadi bado yuko mchezoni, na wengi tumewaona wakiokotishwa karata wakacheza mpaka jioni. Nikamwambia amechungulia mkono wa baba yake akaenda kuutangaza kituoni, mbele ya watu wanaolimezea mate shamba letu. Nilipiga kelele hadi mbwa akatoka chini ya meza.

Ndipo nikasikia mlango.

Baba alikuwa amesimama pale, ameshika fremu kwa mkono wa kushoto. Alikuwa ametoka kitandani peke yake, jambo ambalo hajafanya tangu atoke hospitali. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi.

"Korir," akasema. Tukangoja. "Siku nikiwa kadi... nitasema... mwenyewe."



Nilimkimbilia nikamketisha. Akanyoosha kidole kwenye simu ya Kipkorir. "Piga."

Kipkorir alimpigia yule jamaa mbele yetu. Alitaka kutoka nje, Baba akatikisa kichwa. Basi akasema hapo hapo, kwa sauti ndogo ya mtoto wa shule, kwamba shamba halikodishwi na kwamba alikosea kusema. Jamaa alianza kuuliza maswali, na Kipkorir akakata.

"Sasa kula," Baba akamwambia.

Kula! Hiyo ilinikasirisha kuliko yote. Mimi ningemtoa nje kwa mvua. Lakini alikula, na alipoondoka Mama akampa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kama kawaida, kana kwamba alikuja kutubariki. Baadaye Mama akaniambia nipunguze hasira, huyo ni ndugu yangu. Sijapunguza.

Nyumba nzima imetulia isipokuwa mimi. Nimeosha vyombo kwa fujo, nimevunja kikombe.

Ukweli ni kwamba ninaogopa. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa Baba, nasimama kwanza nisikie kama anapumua.

Kwa hivyo hasira hii yote ni ya Kipkorir, ama ni ya huu ugonjwa ambao siwezi kuusimamisha mbele yangu nikaufokea?

Sijui. Kesho asubuhi nampeleka Baba kliniki Kericho, mazoezi ya mkono. Ameshaniambia anataka nimvalishe tai.