Mtaro Unaelekea Uani Kwetu

Shikamoo mshauri, nisaidie kabla ya Ijumaa maana hata hesabu haziniingii kichwani, mimi ni msichana wa kidato cha tatu na ni mwanachama wa klabu ya mazingira, klabu tuliyoianzisha wenyewe wanafunzi baada ya kuona mboga za bustani ya shule zinanyauka ilhali tunazimwagilia, tukaanza kuyachunguza maji ya mtaro tunayomwagilia, tukayakinga kwenye chupa, na hapo ndipo tulipobaki midomo wazi, leo ya buluu, kesho zambarau, siku nyingine meusi kama wino, kila mtu akawa na lake la kusema, mwenyekiti wetu tunayemwita Darubini akasema, "Jamani, Ijumaa tuufuate mtaro mpaka mwisho, utufikishe kwa yeyote," wote wakapiga makofi nami nikapiga, lakini mikono ilikuwa mizito kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimemsaidia mama kusuuza vitambaa vya zambarau uani kwetu, mama yangu anatia vitambaa rangi na ndiyo kazi inayotulisha, nikarudi nyumbani nikamwuliza, "Mama, haya maji yakitoka hapa yanaenda wapi?" akacheka, "Yanaenda zake. Umeanza lini kuyaonea huruma?" sasa natamani sana kujua kama ni rangi zetu kweli zinazoua mboga au ni kitu kingine, ila jibu lenyewe naliogopa, je, nijifanye mgonjwa, au niwapoteze njia?

Mwanafunzi, roho juu juu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Vuta pumzi kwanza. Huo ugonjwa wa Ijumaa usiugue, na wenzako usiwapoteze. Watafika tu, nao wakikukuta umejificha nyuma ya mlango, hapo ndipo utakapomwaibisha mama yako.

Sasa nikugombeze kidogo. Mtafiti gani wewe unayehukumu kabla ya kupima? Rangi umeiona. Kwamba ndiyo inayoua mboga, hujui. Pandeni miche kwenye makopo: mengine yapate maji ya bomba, mengine ya mtaro, mengine yale ya uani kwenu kabla hayajachanganyika na kitu. Halafu msubiri, bila kubahatisha.

Na mama yako ulimwuliza kwa kuzunguka, naye akakujibu hivyo hivyo. Leo, akishatulia, mwambie waziwazi: "Mama, klabu yetu inaufuata mtaro, na nadhani utaishia kwetu. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza." Kisha nyamaza, umsikilize. Akikasirika, mwache akasirike. Ana haki.

Nyongeza: Jibu hili nilimtumia binti mapema, naye amenipigia simu kabla gazeti halijaenda mitamboni. Alipomweleza mama, mama alinuna jioni nzima. Ijumaa wanaklabu walipojitokeza uani, aliwatazama mmoja mmoja, mikono yake ingali ya buluu mpaka viwikoni.

"Haya, wataalamu, mmejua yanakotoka. Nani anajua kuyasafisha?"

Hakuna aliyejua, hata Darubini. Miche imeshapandwa kwenye makopo, lakini mama hakutaka kungoja majibu yake. Alitoa pipa kuukuu, wakalitoboa chini, wakajaza kokoto, mchanga na mkaa huku wakibishana kipi kitangulie. Maji ya kwanza yalitoka yangali na rangi, vijana wakavunjika moyo.

Mama akaokota ndoo. "Yarudisheni juu," akasema, "tujaribu tena."