Chafya ya Nne

Palma, Msumbiji, Agosti 2013

Mwanangu Zulfa,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo na wajukuu zangu, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi za huko Dar es Salaam. Mimi sijambo, isipokuwa pua.

Mikorosho ya marehemu bibi yako imechanua yote. Nilikuahidi kuondoka kabla ya maua, lakini nilirudi huku kusimama kwenye shamba, ili wapimaji wa gesi wamkute mwenyewe. Wamekuja, wamepigilia vigingi, hawakusema watarudi lini. Nikaona nisubiri. Aliyeishi ukimbizini Lindi karibu miaka hamsini akingoja kurudi kwao, kusubiri anakujua.

Chavua haina huruma. Asubuhi macho yanawasha kama yamepakwa pilipili. Nafanya ulivyoniagiza: natundika dirishani kapulana, kanga ya huku, iliyoloweshwa, nikitoka shambani nabadili nguo, na kwenye udhu napandisha maji puani mpaka imamu ananiuliza kama natawadha au naoga.

Desturi yetu unaijua. Mtu akipiga chafya akamshukuru Mungu, aliye karibu humwombea rehema. Zikizidi tatu, huyo ana mafua, huachwa. Mimi sijawahi kuishia tatu. Mama yako peke yake ndiye aliyeitikia zote, na tangu tumzike, ya nne nimekuwa nikiipiga bila mwenzangu.

Ng'ambo ya ua wa makuti anakaa Bi Nazira, mjane anayewapikia wapimaji. Siku moja nilipiga ya nne, akaitikia. Ya tano, akaitikia. Ya saba akauliza nimebakiza ngapi, maana wali wake unaungua. Tangu hapo tukawa tunazungumza kila asubuhi: samaki waliopandishwa bei na wageni, marehemu mumewe, vitabu vyangu, ambavyo anasema vina vumbi kuliko hiyo mikorosho. Jirani yetu Mussagy ananitania kwamba siku hizi siwezi kupiga chafya mpaka niegemee ua.

Sasa nikwambie la kweli. Vidonge ulivyonitumia vinafaa sana. Nilivimeza wiki moja, pua ikakauka, na ng'ambo kukawa kimya. Yeye hakuwa na cha kuitikia, nami sikuwa na pa kuanzia. Nikavificha kabatini. Juzi macho yalivimba hata nikashindwa kusoma, Bi Nazira akauliza kama binti yangu hanitumii dawa. Sikuweza kukusingizia. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema nyumba yake ina mlango, na kwamba Mussagy ana mafua tangu Ramadhani lakini yeye hajamwitikia hata chafya ya kwanza.

Nimepita mlangoni, mwanangu. Kaka yake ameridhia. Tunangoja neno lako ndipo tufunge ndoa. Vidonge nimevirudia. Jana sikupiga chafya hata moja, naye alizungumza nami mpaka magharibi.

Wabusu watoto. Njoo maua yakishaanguka, kwani pua hiyo uliirithi kwangu, na ulete vidonge vingine.

Baba yako akupendaye,
Mwinyimadi