Chuma cha Vitundu Kilichosugua Sufuria

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Kansanga, Kampala. Tarehe 16 Oktoba 2025, saa 4:15 asubuhi.

Naitwa Nabintu Furaha, miaka 49, muuza samaki soko la Ggaba, mkazi wa Kansanga. Ni mama wa Benedicte, anayesomea kemia chuo kikuu. Hilo hukuniuliza, afande, lakini liandike.

Mnamo Jumanne tarehe 14, saa moja asubuhi, Benedicte aliweka kipande cha chuma juu ya sahani, karibu na karai la kuoshea vyombo, kikauke. Ni nikeli yenye vitundu kama sponji, imepakwa unga mweusi wa madini ghali. Mwanangu anakilisha spiriti na maji, bila moto, na taa inawaka. Vile vitundu vinaipa spiriti nafasi ya kukigusa chuma kila upande. Amekihangaikia miezi minane. Nimeieleza Ggaba nzima, hata wapara samaki wanakijua.

Saa kumi na moja jioni alirudi, hakipo. Tukatafuta mpaka chini ya kitanda. Nikasema, kwa mdomo wangu huu, "Olanya ananunua vyuma chakavu, na leo alipita hapa uani." Olanya ni jirani yetu, fundi wa kuchomelea.

Mwanangu akasema, "Mama, usimtaje mtu ambaye hukumwona."

Nikaja hapa nikamtaja. Jumatano saa tatu asubuhi askari wakamchukua.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nasugua sufuria ya samaki. Nikautazama waya wa kusugulia mkononi. Niliuokota Jumanne hapo juu ya sahani, na haraka zangu za soko. Haukuwa waya. Ule weusi wote nilikuwa nimeusugua, na vitundu vimejaa mafuta ya sangara. Nilikaa chini. Kitu nilichokieleza soko zima nilikishika siku mbili, sikukijua.

Nilimwamsha Benedicte. Alikinusa. Kisha akasema, "Mama, twende tukamtoe Olanya kwanza. Hicho nitakitengeneza tena." Huyo ndiye niliyemzaa.

Olanya hakuchukua kitu. Aliyechukua ni mimi, na aliyesingizia ni mimi. Nimesomewa niliyoyasema; ni kweli, sina la kupunguza.

Sahihi: Nabintu F.

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Opoka, kwa Kiswahili. Kipande cha chuma nimekipokea, kinanuka samaki. Olanya ameachiwa saa 5:10. Shahidi alikataa kuondoka kabla ya kumwomba msamaha mbele yangu. Olanya alimtazama kwanza, kisha akauliza, "Mama Benedicte, hizo sufuria zilitakata lakini?" Shahidi alijibu, "Kama kioo, baba. Njoo ule."