Jiwe la Panya Tumboni Mwangu

Hexham, Jumapili

Thirza, mjukuu gani wewe, miaka miwili hukanyagi kwangu?

Juzi hospitali walinipa kikombe cha uji mweupe wa bariamu, tumbo lionekane kwenye eksrei. Nikagoma. Miaka ishirini nilichambua mawe ya bariamu mgodini, na yale yalisagwa kuulia panya!

"Kunywa wewe kwanza, mwanangu," nikamwambia daktari.

Akacheka, akapiga funda. "Hii ni aina nyingine, bibi. Haiyeyuki tumboni, inapita tu."

Nikanywa. Chokaa tupu! Lakini mjukuu wangu, ungeiona ile picha: utumbo wangu wote umeng'aa, kona kwa kona. Nikauliza mbona mahali pamoja ule weupe umekatika. Daktari akasema ni uvimbe.

Alhamisi wananipasua. Njoo Jumatano, usibishe hodi, ingia unikumbatie.

Bibi yako,
Hesper