Herufi ya Pili ya Jina Lako

Kijiji cha Kamisawa,
Niigata.
9 Novemba 1958

Mpendwa mdogo wangu Sutekichi,

Hujambo huko Brazili? Wifi yangu Mitsue na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Figili zimeanikwa upenuni, theluji bado. Mama ametimiza miaka sabini na sita na magoti yanamsumbua, ila ulimi wake kwangu haujapungua makali.

Barua yako imenifikia. Unasema mwanao Hisashi amekuuliza jina lako lina maana gani, ukamjibu hujui. Najua kwa nini ulimjibu hivyo, na sina pa kuuweka uso wangu.

Ulikuwa na miaka sita. Baba alikupa yai, mimi nikapewa maji ya wali. Kwa wivu nikaliandika jina lako kwenye majivu ya jikoni kwa herufi zake mbili, kila moja na maana yake, ya pili nikaifunika kwa kiganja.

"Soma mwenyewe," nikakuambia. "Kutupwa. Wewe tulikuokota njia panda."

Hukulia. Lakini hukulala tena ubavuni mwa Mama, na tangu uondoke hujamwandikia yeye hata mstari mmoja.

Herufi niliyoifunika ni heri. Unaiandika kila siku, lakini sikukuambia ilikotoka. Ulizaliwa Baba akiwa na miaka arobaini na miwili, umri wa mikosi. Zamani mtoto wa mwaka huo alitupwa kwa kuigiza ili balaa limpotee, kisha jirani akamwokota kwa ufagio, kama anayezoa taka, na kumrudisha kwao na bahati mpya. Desturi ile ilikufa ungali mdogo, hukuiona. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikaona yote. Mama alikulaza kwenye ungo, akajificha nyuma ya ua. Jirani yetu Bi Tane hajafika hata nusu ya njia, ukapiga chafya, Mama akatoka mbio akakunyakua.

"Dada, ukimwokota mwenyewe, mimi na ufagio wangu tumefuata nini?" Bi Tane akamwuliza.

Ikabidi warudie. Mara tatu, mdogo wangu. Ya tatu Baba alimshika Mama mikono.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Miaka thelathini na saba nimenyamaza, nikakuacha uvuke bahari na nusu ya jina. Naona aibu hata kuishika kalamu hii. Mama anadhani umemsahau kwa sababu tulikuwa maskini, nami sijathubutu kumwambia ukweli.

Mwandikie. Hajui kusoma, mimi ndiye ninayemsomea. Eleza kwa nini ulinyamaza, na ni nani aliyekuambia uliokotwa. Nitamsomea kwa sauti, sitaruka neno.

Nisalimie Mitsue, Hisashi na wadogo zake. Mvua iwajie kwa wakati, na kahawa yenu izae.

Dada yako akupendaye, ingawa hukuliona pendo hilo,
Isoe